Kulidaka Wimbi: Kutoka Waikiki hadi Teahupo'o

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1914, kundi la waandishi wa habari na waogeleaji lilikusanyika kwenye ufuo wa Freshwater, kaskazini ya Sydney, kumtazama kijana mrefu kutoka Hawaii akiingia baharini na ubao. Duke Paoa Kahanamoku alikuwa na umri wa miaka 24. Waaustralia walimfahamu kwa jambo jingine kabisa: miaka miwili nyuma alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm, na walikuwa wamemwalika aje ashindane na waogeleaji wao. Ubao hakuja nao. Aliuchonga hukohuko Sydney kwa mti wa msonobari, akautoa na urefu unaozidi mita mbili na nusu, bila pezi wala mkuku, na uzito wa kumwelemea mtu asiyezoea.

Inasimuliwa kwamba waokoaji wa ufuo ule walitaka kumpeleka kwa mashua mpaka nje ya mawimbi, naye akacheka tu. Alilala kifudifudi juu ya ubao, akaanza kupiga kafi kwa mikono. Alipofika mbali akakaa kitako juu yake, ameupa ufuo mgongo, macho kwenye upeo wa bahari. Mawimbi kadhaa yakampita asijishughulishe nayo. Kisha akageuza ubao, akapiga kafi chache za nguvu, na watu wakamwona amesimama.

Kipande hicho cha kati, baina ya kugeuka na kusimama, huchukua sekunde chache tu. Hata hivyo, karibu historia yote ya mchezo huu wa kuteleza juu ya mawimbi, ukiichambua vizuri, ni historia ya sekunde hizo.

Wimbi linalofika ufuoni halikuzaliwa ufuoni. Huanzia kwenye dhoruba, pengine maelfu ya kilomita kutoka hapo, upepo unapoyasukuma maji kwa saa nyingi au siku kadhaa mfululizo. Kinachosafiri ni msukumo, si maji yenyewe: chupa inayoelea katikati ya bahari hupanda, hushuka, na kubaki karibu palepale. Mawimbi ambayo vilele vyake hupishana kwa sekunde 14 hukimbia kilindini kwa karibu kilomita 80 kwa saa, na hakuna binadamu wa kuyafukuza. Lakini kina kinapopungua hadi chini ya nusu ya umbali wa kilele kimoja hadi kingine, sakafu ya bahari huanza kulishika wimbi miguu. Mwendo hupungua, mgongo huinuka, na penye maji ya mita mbili hivi kasi huwa imeshuka hadi kilomita 16 kwa saa. Kilele huendelea kukimbia huku chini kukiburuzwa, mpaka wimbi linajipindua na kuvunjika.

Mtu aliyelala juu ya ubao, hata apige kafi kwa nguvu zake zote, hafikii nusu ya kasi hiyo. Pengo linalobaki hujazwa na mteremko. Akiwa mahali panapostahili, wimbi humwinua kutoka nyuma, uso wake ukawa mwinamo. Ubao huanza kuporomoka kwa uzito wake wenyewe, huchomoka kutoka ndani ya maji na kuteleza juu yake. Kuanzia hapo mtelezi yumo katika kushuka mlima ambao haukomi kuinuka chini yake. Akiwahi mno, wimbi humpita kwa chini. Akichelewa, humtupa. Na akishasimama haelekei ufuoni moja kwa moja, maana povu litamfikia. Hukata kushoto au kulia, akikimbilia sehemu ya wimbi ambayo bado haijavunjika. Hilo ndilo lililowashangaza watu wa Freshwater, ambao wengi wao walikuwa wamezoea kuteleza kwa vifua vyao, sawia na povu.

Mwanzoni mwa 1915 Duke alimpakia mbele yake msichana wa miaka 15, Isabel Letham. Letham alisimulia baadaye kwamba walipofika kwenye kilele aliona kama anachungulia genge, akajitahidi kuurudisha ubao nyuma, mara kadhaa, mpaka Duke alipomkamata ukosini na kumsimamisha kwa nguvu. Letham aliishi kuwa mwalimu wa kuogelea, na ule ubao wa msonobari bado umehifadhiwa Freshwater.

Duke hakuwa amevumbua kitu, na hakuwahi kudai hivyo. Kwao Hawaii watu walikuwa wakiteleza tangu zamani zisizo na tarehe, wake kwa waume, watoto kwa wazee, machifu na wavuvi. Mbao zilikuwa za aina mbalimbali. Paipo ilikuwa fupi, ya kulalia. Alaia, nyembamba na bapa, ilichongwa aghalabu kwa mti wa koa au wa shelisheli. Haikuelea sana, kwa hiyo mtelezi alilazimika kulisubiri wimbi mpaka lisimame wima na kukaribia kuvunjika. Olo ilikuwa kitu kingine. Ilichongwa kwa wiliwili, mti mwepesi, ikawa ndefu kuliko mtumbwi mdogo, mnene katikati, na kwa desturi ilikuwa ya machifu. Mwenye olo alilidaka wimbi mbali kabisa, likiwa bado ni mgongo laini wa maji usio na dalili ya povu, kwa sababu ubao mrefu unaoelea vizuri hupata kasi mapema. Jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, lina mbao mbili kubwa za chifu Abner Paki, aliyeishi katika karne ya 19. Urefu wake ni karibu mita tano na uzito unakaribia kilo 70. Daraja za kijamii, kumbe, zilifika hata kwenye hesabu ya kasi: aliye juu alianza safari yake kabla ya wote.

Kazi ya kuchonga haikuanza hivihivi. Fundi aliuendea mti, akaweka samaki mwekundu aitwaye kumu shinani, akaomba, ndipo akakata. Ubao ulisuguliwa kwa matumbawe na mawe ya kukwaruza, ukatiwa rangi nyeusi, ukamalizwa kwa mafuta ya kokwa za kukui. Baada ya kila matumizi ulikaushwa, ukapakwa mafuta, ukafungwa kwa kitambaa na kutundikwa ndani ya nyumba.

Mabaharia wa Kapteni James Cook, ambao wengi wao hawakujua kuogelea hata kidogo, ndio waliopeleka habari Ulaya. Mwaka 1777 huko Tahiti, daktari wa meli William Anderson alimtazama mtu mmoja peke yake ndani ya mtumbwi akilivizia wimbi, akipiga kafi mpaka kasi yake ilingane nalo, kisha akikaa tuli na kubebwa hadi ufuoni, na akirudia tena na tena. Anderson alikuwa ameelewa jambo lenyewe. Miaka miwili baadaye, Cook alipouawa katika ghuba ya Kealakekua, Hawaii, Februari 1779, Luteni James King alikabidhiwa kuendeleza kumbukumbu za safari, akaeleza kwa mshangao jinsi watu wa ghuba hiyo walivyojitosa na mbao zao siku za bahari chafu, wakati ambapo mabaharia wake waliona kifo kitupu.

Hawaii si mahali pekee. Mwaka 1834 afisa wa Uingereza, James Alexander, akiwa Accra, aliona wavulana wakiogelea kwenda nje na vibao vyepesi vimewekwa chini ya matumbo, wakisubiri wimbi, kisha wakirudi wakibingirika juu yake. Karibu karne mbili kabla yake, katika miaka ya 1640, Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kuhusu watoto wa Pwani ya Dhahabu wanaofungwa kwenye mbao na kutiwa majini, habari ambayo wanahistoria wengine huisoma kama dalili ya mchezo uleule. Wavuvi wa pwani ile walihitaji ujuzi huo ili kupitisha mitumbwi yao mahali pasipo bandari. Haya hayatajwi sana, labda kwa sababu hakukuwa na hoteli ya kuyatangaza.

Hawaii yenyewe ilikaribia kuupoteza mchezo. Hadithi inayopendwa ni kwamba wamishonari wa Marekani, waliofika mwaka 1820 chini ya Hiram Bingham, waliupiga marufuku. Ukweli hauko hivyo. Waliuchukia, ndiyo: watu wakiwa uchi, wake na waume pamoja, na kamari ikichezwa juu ya nani atafika mbali zaidi. Lakini kilichowaondoa watu wengi zaidi mawimbini ni maradhi. Surua, ndui, kaswende na mafua viliwafyeka watu wasio na kinga. Visiwa vilivyokadiriwa kuwa na watu laki tatu au zaidi alipofika Cook vilihesabu Wahawaii wapatao 40,000 tu katika sensa ya 1890. Waliobaki walikuwa wanasukumwa kwenye biashara ya msandali, kisha mashamba ya miwa. Mtu aliyezika nusu ya kijiji hana hamu ya kuchonga olo.

Hata hivyo mchezo haukufa. Mwaka 1885 wana watatu wa kifalme, David Kawananakoa, Edward Keliiahonui na Jonah Kuhio Kalanianaole, waliokuwa wakisoma California, waliteleza kwenye mdomo wa mto San Lorenzo huko Santa Cruz kwa mbao walizochongesha papo hapo. Miaka minane baadaye, 1893, malkia wao Liliuokalani alipinduliwa na wafanyabiashara weupe wakisaidiwa na wanamaji wa Marekani, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa.

Ndipo watalii wakaanza kuja. Mwandishi Jack London alifika Waikiki, ufuo wa Honolulu, mwaka 1907, akafundishwa na mwandishi mwenzake Alexander Hume Ford na kijana wa damu mchanganyiko, George Freeth, akaungua jua kiasi cha kulazwa kitandani, kisha akaandika makala iliyosomwa Marekani nzima. Freeth alikwenda California mwaka huohuo, akaajiriwa na tajiri wa reli Henry Huntington kuwaonyesha wateja wa Redondo Beach namna mtu anavyotembea juu ya maji. Aliwaokoa pia wavuvi wa Kijapani waliokumbwa na dhoruba karibu na Venice, akatunukiwa medali, na akafa mwaka 1919 kwa homa ya mafua iliyoikumba dunia. Ford naye alianzisha klabu ya Outrigger mwaka 1908, na katika vitabu vingi yeye na London ndio walioufufua mchezo. Sifa hiyo imezidishwa. Wanachama wa klabu ya Ford walikuwa karibu wote weupe. Duke na wenzake, wengi wao Wahawaii, walikuwa na chama chao, Hui Nalu, kilichosajiliwa mwaka 1911, na hawakuhitaji kufufuliwa na mtu.

Mwaka huohuo wa 1911, katika bandari ya Honolulu, Duke aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4 na kuipita rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nne. Wakuu wa mchezo huko bara walikataa kuamini. Wakasema saa zilikuwa mbovu, au mkondo wa maji ulimsaidia. Jibu lilipatikana Stockholm mwaka uliofuata, na tena Antwerp mwaka 1920. Paris, 1924, alishindwa na Johnny Weissmuller, akachukua fedha akiwa na miaka 33, huku mdogo wake Sam akichukua shaba.

Dhahabu hazikumlisha. Alipata kazi ndogondogo Hollywood, akiigizishwa nafasi za watu wa rangi yoyote isiyo nyeupe. Tarehe 14 Juni 1925 alikuwa ufuoni Corona del Mar, California, mashua ya wavuvi iitwayo Thelma ilipopinduliwa na mawimbi mlangoni mwa bandari ikiwa na watu 17. Duke alikwenda na ubao wake, akarudi, akaenda tena. Watu watano walikufa. 12 waliokolewa, na wanane kati yao ni yeye aliyewatoa. Baada ya siku ile waokoaji wa California walianza kuuona ubao kuwa chombo cha kazi. Baadaye alichaguliwa kuwa sherifu wa Honolulu, akashika cheo hicho kuanzia miaka ya 1930 hadi 1961.

Mmarekani wa Wisconsin, Tom Blake, alikutana na Duke mara moja kwenye jumba la sinema mjini Detroit mwaka 1920, wakapeana mkono, na maisha yake yakageuka. Alihamia baharini. Katikati ya miaka ya 1920 aliomba ruhusa ya kuzikarabati zile mbao za chifu Paki kwenye makumbusho, akazipima, akajiuliza jinsi ya kupata urefu wa olo bila uzito wake. Alitoboa matundu mengi kwenye ubao, akaufunika juu na chini kwa mbao nyembamba, na hatimaye akajenga ubao wenye uwazi ndani, wenye mbavu, kwa namna ya bawa la ndege ya zama zile. Sasa mtu wa kawaida aliweza kulidaka wimbi kutoka mbali alikoanzia chifu. Mwaka 1935 Blake aliongeza kitu kidogo zaidi: aliopoa mkuku wa chuma kutoka kwenye boti iliyotelekezwa, akaupigilia chini ya tezi ya ubao wake. Ubao ukaacha kwenda mrama. Pezi hilo moja lilichukua miaka mingi kukubaliwa, na leo ubao usio na pezi huonekana kioja.

Vijana wa Honolulu waliliendea tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Mbao zao pana ziliteleza kando kila walipokata uso wa wimbi kubwa. Tezi ilikosa mshiko. Siku moja mwaka 1937 John Kelly alichukua shoka, akaupunguza ubao upande wa nyuma mpaka ukawa mwembamba na wenye mgongo chini. Siku hiyohiyo wakarudi baharini kuujaribu, na ukashika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalikwenda mbio. Kutoka viwanda vya silaha zilitoka faibaglasi na gundi za kisasa. Mafundi wa California kama Bob Simmons na Joe Quigg wakaivika kwenye mti wa balsa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 balsa ikaachia nafasi povu gumu la plastiki. Ubao uliokuwa na kilo 40 ukawa na chini ya 15. Jack O'Neill alifungua duka San Francisco mwaka 1952, akauza fulana za mpira zilizowawezesha watu kukaa kwenye maji baridi kwa saa nzima. Filamu ya Gidget ya mwaka 1959 ikamaliza kazi: fukwe za California zikafurika.

Si wote waliokaribishwa. Nick Gabaldón, kijana mweusi wa Santa Monica, alijifunza kwenye kipande cha ufuo walichoachiwa Weusi. Alipotaka mawimbi mazuri ya Malibu, mara nyingi alipiga kafi kwa ubao wake karibu kilomita 19 kupitia baharini. Alikufa Juni 1951, akiwa na miaka 24, alipogonga nguzo za gati la Malibu akiwa juu ya wimbi.

Wakati huo vita vilikuwa vimezaa elimu nyingine. Majeshi ya Washirika yaliyopanga kushuka Afrika Kaskazini na baadaye Normandy yalihitaji kujua mawimbi ya ufuoni yatakuwaje siku mbili mbele. Harald Sverdrup na mwanafunzi wake Walter Munk, wa taasisi ya Scripps, California, ndio waliotunga hesabu za kutabiri. Vita vilipokwisha Munk hakuacha. Kwa vipimo vya shinikizo vilivyowekwa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Guadalupe, Mexico, alitambua mawimbi yaliyoanzia kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Antaktika, yakiwa yamezunguka nusu ya dunia. Mwaka 1963 aliweka vituo kuanzia New Zealand, Samoa, Palmyra na Hawaii hadi Alaska, akayafuata mawimbi ya dhoruba za kusini yakipita kituo baada ya kituo, yakipoteza nguvu kidogo sana njiani. Kumbe mawimbi ya Waikiki wakati wa kiangazi, yaleyale ambayo mwaka 1917 yalimbeba Duke zaidi ya kilomita moja na nusu katika mtelezo uliobaki hadithi, yalikuwa yametoka kwenye baridi ya kusini kabisa. Pwani ya Waswahili hupata sehemu ndogo ya mgao huo: Madagaska husimama njiani, na miamba ya matumbawe huvunja kinachobaki. Ndiyo maana wachezaji wa Paje na Diani hutegemea tiara na upepo wa kusi au kaskazi zaidi ya wimbi.

Wimbi kubwa ni hesabu ileile, ila namba zake hutisha. Wimbi likiwa refu huvunjika kwenye kina kirefu, na kwenye kina kirefu kasi haijapungua. La mita 15 hukimbia zaidi ya kilomita 40 kwa saa likianza kujipindua. Desemba 1943 Woody Brown na Dickie Cross, kijana wa miaka 17, walikuwa kwenye ufuo wa Sunset, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, bahari ilipochafuka ghafla na kuwafungia njia ya kurudi. Waliamua kupiga kafi hadi ghuba ya Waimea, wakitumaini kwamba maji ya katikati ni ya kilindi. Giza lilikuwa linaingia walipofika, na mawimbi yalikuwa yanafunga ghuba nzima. Cross hakuonekana tena. Brown alitupwa mchangani akiwa uchi na nusu mfu. Kwa miaka 14 watelezi waliipita Waimea kwa gari na kuitazama tu, mpaka Novemba 1957 Greg Noll na wenzake walipoingia na kutoka wazima. Mbao walizotengeneza kwa kazi hiyo zilikuwa ndefu, nyembamba na zenye ncha, nazo ziliitwa bunduki za tembo.

Mwokoaji rasmi wa kwanza wa Waimea aliajiriwa mwaka 1968, mwaka aliokufa Duke. Jina lake Eddie Aikau. Alipokwenda Durban kushindana mwanzoni mwa miaka ya 1970, hoteli ilimkataa kwa sababu ya rangi yake, naye akalala nyumbani kwa familia ya Tomson, ambayo kijana wao Shaun alikuja kuwa bingwa wa dunia. Machi 1978 Eddie alikuwa miongoni mwa mabaharia wa Hokule'a, jahazi la miili miwili lililojengwa kuthibitisha kwamba mababu wa Wapolinesia walivuka bahari kuu kwa kusoma nyota. Jahazi lilipinduka usiku katika mkondo wa kusini ya Molokai. Asubuhi Eddie alichukua ubao wake na kuanza kupiga kafi kuelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa baadaye, ndege ya abiria ilipoona fataki zao. Yeye hakupatikana.

Mbao, wakati huo, zilikuwa zimekwisha kukatwa. Mwaka 1966 Mwaustralia Nat Young alishinda ubingwa wa dunia San Diego kwa ubao mwembamba kuliko wa wapinzani wake, na ndani ya miaka mitatu karibu kila mtu alikuwa ameupunguza wake kwa mita nzima. Ubao mfupi hugeuka upesi na kuingia ndani ya bomba la maji. Gharama yake ni kwamba hauelei sana, hivyo mtelezi hulidaka wimbi akiwa amechelewa, karibu wima, palepale alipolisubiri mtu wa alaia. Mwaka 1981 Simon Anderson alileta mapezi matatu. Kamba ya kifundo cha mguu ilikuwa imeshaingia. Majaribio yake ya awali yalikuwa ya mpira unaovutika sana, na Jack O'Neill alipoteza jicho la kushoto ubao uliporudi kwa kasi ya manati.

Kulikuwa na ukomo, lakini. Juu ya kimo fulani mikono haitoshi, hata uwe na bunduki ya tembo. Mwaka 1992 Laird Hamilton, Darrick Doerner na Buzzy Kerbox walianza kuvutwa kwa boti ya mpira kwenye miamba ya nje ya Oahu, kisha kwa jetski huko Peahi, kisiwa cha Maui. Mtelezi hushika kamba, hufikishwa kwenye kasi ya wimbi kabla halijaanza hata kuinuka, kisha huachia. Ubao wake ukaweza kuwa mfupi na mzito, wenye mikanda ya miguu. Wakongwe walinung'unika kwamba huo si kudaka wimbi, ni kupewa lifti, na malalamiko yao hayakukosa maana. Baada ya 2010 kundi la watelezi lilirudi Peahi bila mashine, kuthibitisha kwamba mikono bado ina kazi.

Nazaré, Ureno, mashine haikwepeki. Nje ya mji huo wa wavuvi kuna korongo la chini ya bahari lenye kina cha zaidi ya mita 4,000, ambalo karibu linagusa ufuo. Wimbi linalopita juu ya korongo halipunguzi mwendo. Lile la pembeni, juu ya maji mafupi, hupunguza. Yanapinda, yanakutana, yanabebana. Garrett McNamara aliteleza hapo mwaka 2011 juu ya wimbi lililopimwa mita 23.77. Maya Gabeira wa Brazil nusura afe hapohapo mwaka 2013, akarudi, na mwaka 2020 akaweka rekodi ya wanawake ya mita 22.4. Oktoba mwaka huohuo Mjerumani Sebastian Steudtner alivutwa kwenye wimbi la mita 26.21.

Olimpiki, aliyoitamani Duke kwa ajili ya mchezo wake, ilifika mwaka 2021 kwenye ufuo wa Tsurigasaki, Japani. Dhahabu ya wanawake ilikwenda kwa Carissa Moore, mzaliwa wa Honolulu. Katika mashindano ya kulipwa Hawaii huhesabiwa peke yake na bendera yake hupepea. Olimpiki haiitambui, kwa hiyo ulipigwa wimbo wa Marekani. Michezo ya Paris ya 2024 ilipeleka mawimbi yake Teahupo'o, Tahiti, kilomita zaidi ya 15,000 kutoka Paris. Kabla ya kuanza, wenyeji walipinga mnara mpya wa waamuzi wa alumini, na jahazi la ujenzi lilipovunja matumbawe katika majaribio ya Desemba 2023 hasira ilipanda; mnara ukajengwa, ila mdogo kuliko ulivyokusudiwa.

Fainali ya wanaume ilimkutanisha Jack Robinson wa Australia na Kauli Vaast, Mtahiti aliyelizoea wimbi hilo tangu utotoni na aliyevaa rangi za Ufaransa. Vaast alidaka mawili mazuri katika dakika za mwanzo, akapewa 9.50 na 8.17. Robinson alipata moja la 7.83 na alihitaji la pili. Alikaa juu ya ubao wake akitazama upeo. Bahari ikatulia, dakika zikayoyoma, na king'ora kilipolia matokeo yalikuwa 17.67 kwa 7.83.